Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, Ujerumani, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, Ujerumani, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti wa Ujerumani aliyegundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Pamoja na Louis Pasteur wa Ufaransa anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya bakteria. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Koch alifanya kazi pia katika nchi za Afrika ya Mashariki. Alichunguza malaria, homa ya papasi na malale katika maeneo ambayo leo ni Tanzania na Uganda. Sehemu hiyo ya maisha yake ina mafanikio, lakini ina pia mambo yanayolaumiwa hadi leo.

Asili ya jina la ukoo

Koch ni neno la Kijerumani lenye maana ya mpishi. Herufi mbili za mwisho hutamkwa kama kh katika neno kheri, kwa hiyo matamshi yake yanakaribia Kokh. Neno lenyewe lilitoka katika Kilatini, ambako mpishi aliitwa coquus, nalo likaingia katika lugha za Kijerumani zamani sana pamoja na maneno mengine ya jikoni.

Hadi karne ya 12 Wajerumani wengi walikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, watu wenye jina lilelile walikuwa wengi mno, na waandishi wa kodi na wa mikataba walihitaji njia ya kuwatofautisha. Wengine waliitwa kwa jina la baba, wengine kwa mahali walipotoka, wengine kwa sura au tabia, na wengi kwa kazi yao. Ni sawa na mtaani kwetu Juma anayeshona nguo kuitwa Juma Fundi ili asichanganywe na Juma mwingine. Tofauti ni kwamba huko Ujerumani jina hilo lilibaki kwa watoto na wajukuu, hata kama hawakufanya tena kazi ile. Desturi hiyo ilianza kwa watu wa ukoo bora na wa mijini, ikafika vijijini baadaye.

Ndiyo maana majina ya ukoo yanayopatikana zaidi Ujerumani ni majina ya kazi: Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshonaji, Fischer ni mvuvi na Weber ni mfumaji. Koch limo katika kundi hilo, na ni miongoni mwa majina 20 ya kawaida zaidi nchini humo. Linapatikana katika mikoa yote, kwa sababu kila ngome, kila monasteri na kila nyumba ya kabaila ilikuwa na mpishi wake. Kwa hiyo watu wenye jina la Koch si wazao wa babu mmoja. Jina lilizaliwa mara nyingi, mahali pengi, bila familia hizo kujuana.

Jina lina sura mbalimbali kufuatana na lahaja. Kaskazini, watu wanaposema Kijerumani cha nyanda za chini, kuna Kock. Jirani zao Waholanzi wana Kok. Kusini na Uswisi kuna Köchl na Köchlin, maana yake mpishi mdogo. Waingereza wana jina la Cook lenye asili ileile. Koch lenyewe linapatikana pia Austria, Uswisi, Luxemburg, Denmark na Alsace huko Ufaransa. Wayahudi wa Ulaya ya Kati nao wamo miongoni mwa wenye jina hilo.

Katika karne ya 19 wahamiaji wengi walilipeleka Marekani na Brazil ya kusini. Huko Marekani matamshi yake yalibadilika, kwa kuwa Kiingereza hakina sauti ya kh: familia nyingine hutamka kama Kouk, nyingine Kotch, nyingine kama Cook. Ndugu kadhaa wa kiume wa Robert Koch mwenyewe walikuwa katika wimbi hilo la kuhamia Marekani.

Wengine waliolifanya jina hilo kujulikana ni Helge von Koch, mtaalamu wa hisabati wa Sweden. Marita Koch, mkimbiaji wa Ujerumani ya Mashariki aliyekimbia mita 400 kwa sekunde 47.60 mwaka 1985. Ed Koch, meya wa New York. Na Christina Koch, mwanaanga wa Marekani aliyeshiriki mwaka 2019 katika matembezi ya kwanza ya angani yaliyofanywa na wanawake peke yao.

Utoto na masomo

Robert alizaliwa Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz, wakati huo sehemu ya Ufalme wa Hannover. Baba yake, Hermann Koch, alikuwa ofisa wa migodi. Mama yake aliitwa Mathilde Biewend. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, naye Robert alikuwa wa tatu kati ya 13 waliozaliwa. Inasimuliwa kwamba alijifundisha kusoma kwa kutumia magazeti kabla ya kwenda shule. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, tena alitamani kusafiri nchi za mbali.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen. Alianza na sayansi asilia, kisha akahamia tiba. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo sana. Wakati ule madaktari wengi waliamini bado kwamba magonjwa hayo hutokana na hewa chafu. Koch alihitimu mwaka 1866.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Alitaka kuwa daktari wa meli ili aone dunia, lakini mahitaji ya familia yalimpeleka kwenye kazi za udaktari katika miji midogo. Vita kati ya Ujerumani na Ufaransa vilipoanza mwaka 1870 alijitolea kuwa daktari wa jeshi.

Daktari wa wilaya na ugonjwa wa kimeta

Mwaka 1872 aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo unaitwa Wolsztyn na uko Poland. Hakuwa na maabara, wala maktaba, wala wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na hadubini, inayosemekana kuwa zawadi ya mke wake, na sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa aliyoitenga kwa ajili ya utafiti.

Katika wilaya hiyo kondoo na ng'ombe walikufa kwa kimeta, na mara kwa mara wachungaji nao walikufa. Wataalamu wengine walikuwa wameona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini haikuthibitishwa kwamba ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Tena kulikuwa na fumbo: mifugo iliambukizwa kwenye malisho fulani hata baada ya miaka mingi bila mgonjwa yeyote.

Koch aliwaambukiza panya kwa vipande vyembamba vya mti vilivyochovywa katika damu ya wanyama wagonjwa. Kisha alikuza bakteria hao nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akawatazama siku baada ya siku. Aliona kwamba hali inapokuwa mbaya bakteria hutengeneza spora, yaani mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka na kuamka zikiingia katika mnyama. Fumbo la malisho likawa limefumbuliwa.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau (leo Wrocław, Poland) kumwonyesha majaribio yake Profesa Ferdinand Cohn, aliyeyachapisha katika jarida lake mwaka uleule. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitisha kwamba bakteria wa aina fulani ndio chanzo cha ugonjwa fulani.

Berlin na njia mpya za maabara

Mwaka 1880 Koch aliitwa kwenye Ofisi ya Afya ya Dola huko Berlin. Sasa alipata maabara na wasaidizi, miongoni mwao Friedrich Loeffler na Georg Gaffky.

Tatizo kubwa la wakati ule lilikuwa kutenganisha aina za bakteria, kwa sababu katika mchuzi wa nyama walichanganyika wote. Koch alianza kuwakuza juu ya kitu kigumu, kwanza vipande vya viazi, halafu jelatini. Mahali bakteria mmoja anapotua, wazao wake hukua pamoja kama doa moja la aina moja. Lakini jelatini iliyeyuka kwenye joto. Suluhisho lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mtafiti Walther Hesse, alipendekeza agari, unga wa mwani aliokuwa akiutumia katika upishi. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, alibuni kisahani chenye kifuniko. Agari na kisahani cha Petri hutumika hadi leo katika maabara zote za dunia.

Koch alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kupiga picha za bakteria kwa njia ya hadubini, ili wengine wajionee wenyewe badala ya kutegemea michoro.

Kifua kikuu

Wakati huo ilikadiriwa kwamba kifua kikuu kiliua mtu mmoja kati ya saba. Wengi walidhani kwamba ni ugonjwa wa kurithi, ingawa daktari Mfaransa Jean-Antoine Villemin alikuwa ameonyesha mwaka 1865 kwamba unaweza kuambukizwa kwa wanyama.

Bakteria wa kifua kikuu ni vigumu kuonekana na hukua polepole sana. Koch alitumia rangi maalumu zilizowaonyesha kama vijiti vya buluu, akawakuza kwa majuma katika ute wa damu ulioganda, kisha akawaingiza katika wanyama wenye afya. Wanyama hao wakaugua.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alitangaza matokeo mbele ya Shirika la Fiziolojia la Berlin. Habari ilienea duniani kwa muda mfupi. Kwa kumbukumbu ya siku hiyo tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Uchunguzi wa makohozi kwa hadubini, unaofanyika hata katika zahanati zetu, unatokana na ugunduzi huo.

Kutokana na kazi hizo zilitungwa kanuni za Koch za kuthibitisha chanzo cha ugonjwa:
• kiumbe kinachoshukiwa kipatikane kwa kila mgonjwa;
• kiweze kutengwa na kukuzwa peke yake nje ya mwili;
• kikiingizwa katika mnyama mwenye afya kilete ugonjwa uleule;
• kiweze kupatikana tena katika mnyama huyo.

Baadaye Koch mwenyewe aliona kwamba kanuni hizo hazitimii kila mara, kwa kuwa kuna watu wanaobeba bakteria wa kipindupindu bila kuugua.

Kipindupindu

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ilimtuma Koch, na Ufaransa ikatuma kikundi cha Pasteur. Chuki ya vita vya 1870 ilikuwa bado mbichi, na mashindano yao yalikuwa makali. Mtafiti kijana wa Ufaransa, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa huko Alexandria. Koch na wenzake walishiriki mazishi yake. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata hadi Kolkata, India. Huko alifaulu mwaka 1884 kutenga bakteria wa kipindupindu, mwenye umbo la mkato wa maandishi, akaonyesha uhusiano wake na maji machafu. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amemwona bakteria huyo mwaka 1854, lakini kazi yake haikuzingatiwa.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana mwaka 1892, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg. Mji huo ulitumia maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto uleule kwa mchanga, uliathirika kidogo tu.

Aibu ya tuberkulini

Mwaka 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari huko Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu. Dawa hiyo iliitwa tuberkulini. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walimiminika Berlin. Koch hakueleza imetengenezwa kwa nini.

Baada ya miezi michache matumaini yalivunjika. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Rudolf Virchow, mpasuaji maiti mashuhuri, alionyesha kwamba dawa iliweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Mwaka 1891 Koch alilazimika kueleza kwamba ilikuwa dondoo ya bakteria wenyewe katika glisirini. Sifa yake ilipata doa. Hata hivyo tuberkulini haikupotea: watafiti wengine waligundua kwamba inafaa kupima kama mtu ameambukizwa, na kipimo hicho cha ngozi kinatumika hadi leo.

Mwaka 1891 alipewa uongozi wa taasisi mpya ya magonjwa ya kuambukiza huko Berlin. Humo walifanya kazi Emil von Behring, Paul Ehrlich na Mjapani Shibasaburo Kitasato. Mwaka 1893 alitengana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo kwake sana, jambo lililosemwa sana mjini.

Safari za Afrika

Tangu mwaka 1896 Koch alitumia muda mwingi katika nchi za joto, akitimiza hamu yake ya utoto. Mwaka huo serikali ya Rasi ilimwita Afrika Kusini kupambana na sotoka, ugonjwa ulioua mifugo katika sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo ya Wamasai. Alibuni njia ya kukinga ng'ombe kwa nyongo ya wale waliokufa.

Miaka 1897 na 1898 alikuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi). Alichunguza malaria pwani, akathibitisha pia kwamba ugonjwa uliojulikana huko Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ulikuwa tauni. Miaka 1899 na 1900 aliendelea na malaria huko Guinea Mpya, akaona kwamba watoto wana vimelea vingi katika damu na watu wazima vichache: alama kwamba kinga hupatikana polepole kwa kuambukizwa mara nyingi. Mwaka 1903 alikuwa Bulawayo (leo Zimbabwe) kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa Tanzania ndigana kali.

Mwaka 1905 alirudi Afrika ya Mashariki. Wasafiri wa misafara waliolala katika vibanda vya njiani walipatwa na homa inayoondoka na kurudi. Koch alionyesha kwamba vimelea vyake vinaenezwa na papasi, tena vinaingia hata katika mayai yake, hivyo papasi wapya huzaliwa wakiwa navyo. Watafiti Waingereza Dutton na Todd walifikia matokeo kama hayo Kongo wakati uleule, na Dutton alikufa huko.

Visiwa vya Ssese na malale

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Visiwa vya Ssese viliathirika vibaya sana. Miaka 1906 na 1907 Koch aliongoza msafara wa serikali ya Ujerumani, akapitia Amani katika milima ya Usambara na Mwanza, kisha akaweka kambi Ssese kwa ruhusa ya Waingereza.

Watu walifika kwa mamia kutafuta matibabu. Koch aliwapa Atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Hapo aliongeza kipimo. Wagonjwa kadhaa walipofuka kabisa kwa sababu dawa iliharibu mishipa ya macho, na wengine walipata maumivu makali. Vipimo vikali namna hiyo vilifanyika juu ya watu waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni, wasio na nafasi kubwa ya kukataa. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu. Kambi hizo zilianzishwa baadaye katika koloni la Kijerumani, na wagonjwa wengi walizitoroka.

Wanahistoria wa siku hizi hutaja Ssese kama mfano wa utafiti wa kitiba uliotumia mamlaka ya ukoloni. Wakati huohuo ni kweli kwamba malale bila matibabu iliua karibu kila mgonjwa, na kwamba uchunguzi wa Atoksili ulimsaidia Paul Ehrlich kupata Salvarsan, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kaswende. Faida hiyo haikuwarudishia macho watu wa Ssese.

Kifo na kumbukumbu

Mwaka 1908 Koch alizuru Marekani na Japani, ambako Kitasato alimpokea kwa heshima kubwa. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch na kusimamia udhibiti wa magonjwa nchini Ujerumani. Huko Japani Kitasato alimjengea hekalu dogo. Kasoko moja ya mwezini pia inaitwa Koch.

Hivyo jina la kawaida la mpishi wa zamani, wanalolibeba maelfu ya familia zisizohusiana, limeingia katika vitabu vya tiba vya lugha zote.